Bosi anataka niandike kwamba nilipeleka barua ya onyo, na mimi sikupeleka

Shikamoo mama. Naomba jina langu na la ofisi yangu yasitokee maana huku kwetu kuta zina masikio.

Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 11 kazini na yote nimeimaliza masjala, nimeanza karani wa kubeba mafaili mpaka sasa hivi nakaimu ukuu wa masjala. Huu mwaka wa pili nakaimu, barua ya kuthibitishwa haijaja, posho ya kukaimu nilipewa miezi sita ya mwanzo halafu ikakata, nikiuliza naambiwa liko juu linashughulikiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndo limenifunga mdomo.

Hapa ofisini kuna dereva, nimwite D. Wiki chache zilizopita alipewa hati ya mashtaka, utoro kazini. Mama sitaki nikudanganye, huyu mtu kweli ana matatizo, anapotea siku mbili tatu simu haipatikani, akirudi anakuja ananuka pombe, kuna siku aliwaacha wakaguzi wamekaa kwenye gari saa nzima hakuna anayejua yuko wapi. Mimi mwenyewe alishanitukana mbele za watu kisa nilimwambia asaini daftari kabla ya kuchukua funguo. Kwa hiyo usije ukadhani namwonea huruma sana.

Tatizo ni faili lake. Mwezi wa kwanza mwaka huu jalada lilichanika, nikalihamisha mimi kwa mikono yangu, karatasi moja moja, huku nakagua namba za folio (namba ya kila karatasi ndani ya faili) kama ninavyofanya siku zote. Folio 31 ilikuwa fomu yake ya likizo, 32 barua ya kuomba mkopo, katikati hapakuwa na kitu. Sasa juzi faili limerudi kutoka kwa afisa utumishi, nalifungua nakuta kati ya 31 na 32 kuna karatasi imeandikwa 31A kwa kalamu nyekundu, barua ya onyo, tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka jana. Karatasi nyeupe pee, matundu yake mapya kabisa wakati jirani zake wote matundu yameshalegea na yana kutu ya pini. Nikaenda kwenye daftari la dispachi, lile la kuandikia barua zinazopelekwa, la mwaka jana, nikapitia mwezi wa tatu wote na wa nne, hiyo barua haipo.

Kesho yake bosi (huyo huyo afisa utumishi) kaniita, kafunga mlango. Anasema kamati itakayosikiliza shauri la D itataka kujua kama alishawahi kuonywa, kwa hiyo niandike maelezo mafupi tu kwamba ile barua nilimpelekea mimi mkononi, akaisoma, akakataa kusaini. Akanipa na kikaratasi alichokiandika yeye, mimi niyahamishe tu kwa mwandiko wangu. Nikamwambia bosi mbona mimi sikumbuki. Akacheka, "utazikumbuka wapi barua za mwaka jana wewe, unapeleka ngapi kwa siku?" Halafu wakati nanyanyuka akaongeza, "na lile suala lako la kuthibitishwa nalipeleka wiki hii hii." Hakusema neno lingine, lakini mimi si mtoto.

Kinachoniumiza ni kwamba huyu baba si mtu mbaya kwangu. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji mwaka jana yeye ndo alipambana nikapata likizo yangu yote kwa mkupuo, mwezi wa tatu mzima niko wodini namuuguza, wenzangu wengine likizo zilikuwa zimezuiwa kipindi hicho. Na alikuwa ananipigia kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mtu kama huyo unamtazamaje usoni umwambie hapana?

Mume wangu anasema andika, karatasi moja haiui mtu, na yule mlevi atafukuzwa tu onyo liwepo lisiwepo. Rafiki yangu anasema nimpe D picha ya hiyo barua apambane na hali yake, na kweli nilishaipiga picha kwa simu pamoja na folio za pembeni, sasa naogopa hata kuifungua. Katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi ningemfuata ila yeye na bosi ni pete na kidole. Nimefikiria hata kuomba ED ya uongo (ile karatasi ya daktari ya kupumzika) nilale nyumbani mpaka shauri lipite. Kamati inakaa mwisho wa mwezi.

Nikikataa cheo kimeenda na naweza nikahamishwa. Nikiandika sijui nitalalaje. Nisaidie mama.

Mtunza Mafaili

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ile ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, nitakwambia kwanini, ila tuanze pole pole.

Nikikuelewa vizuri, unaambiwa utoe ushahidi wa kitu ambacho kichwani mwako hakipo, juu ya mtu usiyempenda, na anayekuomba ni mtu aliyekutendea wema na ameshika kitu unachokisubiri miaka miwili. Ndo maana hulali. Ingekuwa bosi mkorofi anamwonea dereva mwema, ungeshakataa zamani na wala usingeniandikia.

Niruhusu nianze na hilo la mume wako, kwamba D atafukuzwa tu. Inawezekana. Lakini mimi nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu, na naomba nikuambie barua ya onyo inafanya kazi gani, maana nyie wa masjala mnaiona kama folio tu. Nidhamu kazini kwa kawaida inapanda ngazi, mtu anaambiwa kwa mdomo, anaandikiwa, ndo baadaye yanakuja makubwa. Kwa hiyo hilo onyo moja ndilo linalomtoa D kwenye "amekosa" linamweka kwenye "alishaonywa akarudia", na hapo kamati inaweza kutoka kwenye kumkata mshahara au kumshusha cheo ikafika kwenye kumfukuza. Huenda karatasi hiyo 31A ndo uzito wote wa shauri, na ndo maana inatafutiwa shahidi.

Na mara nyingi (nasema kwa niliyoyaona, siyo kwamba najua ya kwenu) hadithi nyuma yake ni ya kawaida kabisa. Mtu anakosa, wakubwa wanaona uvivu kuandika, au wanaogopa kuonekana wabaya, wanamwacha tu, mwaka unaisha. Siku anapofanya la kuaibisha, kwa mfano kuwaacha wakaguzi kwenye gari, ndo wanagundua faili ni jeupe. Wanataka kumwondoa leo kwa onyo ambalo hawakumpa jana.

Kuna kesi moja ya Marekani napenda sana kuwasimulia watu wanaoniambia "si anastahili tu". Mlinzi anaitwa James Loudermill aliajiriwa na bodi ya elimu ya Cleveland mwaka 1979. Kwenye fomu alijaza kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Baadaye wakakuta mwaka 1968 alitiwa hatiani kwa wizi, wakamfukuza 1980, hakuitwa kuulizwa. Yeye akasema jamani mimi nilidhani lile lilikuwa kosa dogo. Ukiangalia haraka haraka unasema huyu kadanganya, aende. Lakini Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985 ilisema mtumishi wa umma kama huyo, ambaye kisheria hafukuzwi bila sababu, kabla hajafukuzwa, lazima aambiwe tuhuma, aelezwe ushahidi alionao mwajiri, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Na mambo ya Uingereza nako, mkuu wa polisi wa Brighton alifukuzwa 1958 bila kusikilizwa, watu walikuwa na sababu zao za kutomtaka, ila mwaka 1963 House of Lords, iliyokuwa mahakama yao ya juu wakati huo, ikasema kufukuzwa kule ni batili kwa sababu hakusikilizwa. Mahakama hizo hazikusema watu hao ni malaika. Zilichokataa ni njia iliyotumika.

Kwa hiyo ukijiuliza "D anastahili?" utazunguka mpaka asubuhi, na hilo swali wala si lako, ni la kamati. Lako ni dogo zaidi: wewe unajua nini?

Hapo naomba nikubishie kidogo. Umeshaamua moyoni kwamba barua imeghushiwa. Pengine ndivyo. Lakini wewe ni mtu wa masjala, unajua vizuri kuliko mimi kwamba herufi A siyo kosa, karatasi iliyochelewa kufika ndo inavyoingizwa. Barua inaweza kuandikwa kweli mwaka jana ikalala kwenye droo ya mtu, na karatasi iliyolala kwenye droo inabaki nyeupe pee na matundu haina. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hujui. Unachokijua ni kwamba mwezi wa kwanza haikuwemo kwenye faili, kwenye daftari la dispachi haimo, na kwamba wewe hukumbuki kuipeleka. Ilitungwa lini, D aliiona au hakuiona, hayo huyajui, na siku ukianza kuyasema kama unayajua utakuwa umefanya kile kile unachoombwa na bosi, ila kwa upande wa pili.

Sasa ile kalamu.

Umeniambia barua ya onyo ina tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka jana. Halafu chini huko, ukiwa unamsifia bosi, umeniambia mwezi wa tatu mzima mwaka jana ulikuwa wodini unamuuguza mama, kwa likizo aliyokupigania yeye. Mwanangu soma tena barua yako mwenyewe. Tarehe hiyo hukuwa ofisini! Hilo la "sikumbuki" unaweza kuliacha, hukuwepo.

Nadhani hofu ndo iliyokufanya usilione, na yeye pia huenda amesahau, maana mtu akiwa na haraka ya kujaza pengo anachukua jina lililo karibu na jina la masjala ni lako. Labda atakuambia barua iliandikwa tarehe 14 ikapelekwa baadaye uliporudi. Sawa, inawezekana, lakini hapo daftari la dispachi la mwezi wa nne linauliza swali, na wewe umelipitia.

Fikiria sasa ungeandika. D ana haki ya kuona ushahidi ulio dhidi yake, na akiwa na mtu wa kumsaidia anayejua kazi, swali la kwanza ataomba daftari la dispachi, swali la pili atauliza siku hiyo masjala alikuwa nani. Fomu yako ya likizo imesainiwa, iko kwenye faili lako, ina folio yake. Dakika hiyo D anaacha kuwa mshtakiwa, mshtakiwa mpya ni wewe, kwa kutoa maelezo ya uongo kwenye shauri rasmi, na nchi nyingi jambo hilo halibaki kuwa la nidhamu tu, linaweza kwenda polisi. Na mwandiko ni wako. Kikaratasi cha bosi, by the way hujaniambia kiko wapi. Kama unacho usikichane.

Lakini hiyo hiyo likizo nadhani inaweza kukufungulia mlango wa kutokea kwa heshima, ambao asubuhi ulipokuwa unaandika hukuwa nao. Unaweza kurudi kwake ukamwambia kwa upole kabisa, "bosi nimeangalia ile tarehe, ni ile likizo uliyonisaidia mama alipolazwa, mimi sikuwepo kazini." Hujamshtaki, hujamwita mwongo, na umemwachia nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Watu wengi wakionyeshwa shimo wanashukuru kimoyomoyo ingawa usoni wananuna.

Hatari yake pia nikwambie. Anaweza kusema sawa, nani alikushikia masjala mwezi huo? Na hapo kinachohama ni mtu tu, kile kikaratasi kinaenda kwa karani mdogo aliyekaa kwenye kiti chako, ambaye pengine ana mwaka mmoja kazini na hawezi kumjibu afisa utumishi. Hilo lifikirie kabla hujaingia ofisini kwake, kwa sababu wewe ndo kiongozi wa huyo mtoto, na ukishajua utakuwa umejua.

Akikuambia ni amri, kumbuka mtumishi anatakiwa kutii amri halali. Kuandika ulilolishuhudia ni halali, kuandika usilolishuhudia siyo. Wengine wanashauri useme "naomba maelekezo hayo kwa maandishi", na ni silaha nzuri, mtu anayeomba uongo ni nadra kuuandikia barua. Ila ni silaha, ukiitoa ujue umeitoa, uhusiano wenu hautarudi ulivyokuwa. Kuna njia laini zaidi ya kusema niko tayari kuandika maelezo, ila nitaandika ninayoyajua mimi. Ukifanya hivyo andika machache, tarehe, ulichokiona, ulichokifanya, usiweke "naamini" wala "inaonekana", saini, baki na nakala. Maelezo kama hayo yatamuudhi, sikufichi, ila hata miaka kumi baadaye ukiulizwa utajibu vile vile.

Kuhusu shukrani. Wema alikutendea, usiufute kwa sababu ya hili. Lakini likizo ile ilikuwa siku zako, umezifanyia kazi, yeye alisaidia zikupate kwa wakati. Hukukopeshwa. Najua kwenye maisha hatuhesabu hivyo na ukimkatalia utajisikia mkosefu wa adabu siku kadhaa, mimi nimeshalipitia hilo na mkubwa mmoja aliyenifundisha kazi, tulikaa mwaka bila kusalimiana vizuri. Iliniuma. Bado wakati mwingine inaniuma.

Cheo. Hapa nina maswali kuliko majibu. Je afisa utumishi wenu ndiye anayethibitisha, au anapeleka tu jina kwenye mamlaka nyingine? Sehemu nyingi za utumishi wa umma mwenye mamlaka ya kupandisha ni bodi au tume, mkuu wa idara anapendekeza. Kama ni hivyo anachokuahidi si chake. Anaweza kukichelewesha, hilo ndiyo, ameshika bomba. Kingine, kukaimu hata miaka mitano mara nyingi hakukupi haki ya kiti chenyewe, lakini malipo ya kukaimu ni habari nyingine kabisa, kama kanuni zenu zinasema anayekaimu alipwe basi hilo ni dai, na madai yana muda wa ukomo. Umelinyamazia mwaka mzima na nusu kwa kuogopa kumuudhi mtu ambaye sasa anatumia kunyamaza kwako. Naona ungelitenganisha, liandikie barua yake peke yake, kwa kumbukumbu zake, bila kugusa habari za D. Iandike lini? Kabla ya kamati itaonekana kama biashara, baada ya kukataa itaonekana kama kisasi. Hapo amua wewe unayewajua watu wako.

Ile picha kwenye simu sasa. Rafiki yako anakupenda lakini ushauri wake umenitisha. Faili la mtumishi ni la siri, na wewe ndo mlinzi wake, ukimtumia D hiyo picha usiku huu kesho yuko nayo mbele ya kamati na swali la kwanza litakuwa imetoka wapi. Kwenye ofisi nyingi kuvujisha nyaraka ni kosa la nidhamu peke yake, zito kuliko utoro wa D, na watakushika kwa hilo bila hata kugusa 31A. Usiitume kwa mtu. Kuifuta nako sikushauri uamue peke yako kwa hofu, zungumza kwanza na mwanasheria. Kitu ambacho hakina ubishi ni namba zilizoko kwenye daftari la dispachi na faili lenyewe, viko ofisini, na D au anayemsaidia anaweza kuviomba kwa utaratibu. Hauhitajiki kumpelekea uchochoroni.

Chama. Katibu wa tawi si chama chote. Mkataba namba 151 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1978, uliandikwa kwa ajili ya watumishi wa umma hasa, unawalinda wasionewe kwa sababu ya chama, na ngazi ya juu ya chama chako ina watu wasiokula na bosi wako. Ila angalia mambo mawili. D naye huenda ni mwanachama, chama kinaweza kuwa kinamtetea yeye, kwa hiyo omba mtu tofauti na umwambie wazi kwamba wewe ni shahidi. La pili, mkataba huo huo unaruhusu nchi kuwaweka kando watumishi wa ngazi za juu na wale wenye kazi za siri sana, na mkuu wa masjala sehemu nyingine anahesabiwa humo. Ulizia kwenu ikoje kabla hujategemea.

Kwenda nje, yaani wakaguzi wa ndani, tume ya utumishi, taasisi ya kupambana na rushwa. Njia ipo, na siku hizi zingine zina namba ya kupigia bila kutaja jina. Lakini jina gani la kuficha wakati waliolifungua faili lile mwezi huu wanahesabika? Na ulinzi wa watoa taarifa usiuchukulie kama ukuta wa zege. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003 unazungumzia kuwalinda, ibara ya 33, lakini maneno yake ni kwamba nchi zifikirie kuweka ulinzi huo. Zifikirie! Zingine zimeweka sheria kali kabisa, zingine bado zinafikiria. Mkataba wa ILO namba 158 wa 1982 nao unasema kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria hakuwezi kuwa sababu halali ya kukuachisha kazi, na kwamba mzigo wa kuthibitisha sababu usiwe wa mfanyakazi peke yake, ni mzuri sana ila nchi nyingi hazijauridhia. Ujue nchi yako iko wapi kabla hujapiga hiyo simu.

Na kuhamishwa. Hili ndo linaloniogopesha mimi zaidi ya kufukuzwa, kwa sababu kufukuzwa kuna taratibu na rufaa, uhamisho ni haki ya mwajiri na unakuja na lugha tamu, "kwa manufaa ya umma". Ni kisasi kigumu sana kukithibitisha. Kinachosaidia mara nyingi ni tarehe tu. Uwe na daftari lako nyumbani, siku aliyokuita, saa, alisema nini, ulijibu nini, uandike leo wakati maneno bado yana joto. Uhamisho ukija wiki mbili baada ya kukataa, hizo tarehe zitaongea kidogo. Sikuahidi kwamba zitasikilizwa.

ED ya uongo nitaipita haraka, hiyo ni karatasi nyingine ya uongo na itakuwa na jina lako vile vile, halafu ukiwa haupo ndo karani wako anabaki peke yake na kikaratasi. Kama kweli unaumwa, na kwa hizi usiku za kutolala inawezekana kabisa, basi nenda hospitali kwa sababu unaumwa.

Mume wako usimwone adui, anahesabu ada na kodi ya nyumba, kila mume angehesabu. Ila amekushauri bila kujua kwamba tarehe ya onyo imeangukia ndani ya likizo yako, na wewe pia ulikuwa hujaliona hilo. Mwambie leo jioni, umwonyeshe tarehe mbili hizo ubavu kwa ubavu, halafu umuulize kama bado anaona ni karatasi moja tu. Nataka kujua atajibu nini, kwa kweli.

Kesho asubuhi kabla ya lolote omba kuliona faili lako mwenyewe. Liombe kwa utaratibu, kwa maandishi, usijichomolee tu kabatini eti kwa sababu funguo unazo wewe. Tafuta fomu ya likizo ya mwezi wa tatu, angalia folio namba ngapi, angalia kama namba zinafuatana. Halafu niandikie umekuta nini.